Uliza Fundi: Diski ya harusi inagomea asilimia 62

Mwezi huu barua nyingi zimekuja na kilio kimoja. Watu wanahamisha video zao za zamani kutoka kwenye DVD na VCD kwenda kwenye kompyuta, na programu inagoma kazi ikiwa katikati. Karibu nyote mnamalizia hivi: "Dada fundi, nitajie programu nzuri zaidi." Nitawaudhi kidogo: programu mlizonazo zinatosha. Kazi hii ina pande tatu tu, diski yenyewe, draivu inayoisoma, na mahali nakala inapokwenda kukaa. Ujumbe wa kosa, ukiusoma hadi mwisho badala ya kukimbilia kubofya OK, mara nyingi unakuonyesha ni upande upi wenye shida.

Walioniuliza namna ya kunakili filamu za dukani wakaziuze, barua zenu nimezikunja. Hapa tunashughulika na harusi, mahafali, kwaya na kipaimara.

Mwanangu, hujambo? Nina DVD ya harusi ya binti yangu, ya mwaka 2007. Ndiyo pekee iliyobaki, na mpiga video alishafunga ofisi yake. Mjukuu wangu ameweka ImgBurn kwenye laptopu atengeneze nakala ya akiba. Inakwenda vizuri, ikifika asilimia 62 inasimama na kuandika "L-EC Uncorrectable Error". Ameshusha programu nyingine mtandaoni, zote zinafia hapohapo. Niambie ukweli, harusi imepotea? (Bibi wa Kihonda, Morogoro)

Shikamoo mama. Harusi ipo, na sehemu kubwa itaokolewa.

Kilichonisaidia zaidi katika barua yako ni hayo maneno "zote zinafia hapohapo". Programu zilizotengenezwa na watu tofauti zikigoma mahali pamoja, programu hazina hatia. Huo ujumbe unasema hivi: draivu imesoma kipande fulani, ikajaribu kukisahihisha kwa kutumia zile taarifa za ziada ambazo kila DVD hubeba kwa ajili ya kujirekebisha, ikashindwa. Aliyeshindwa ni draivu. ImgBurn inaleta habari tu.

Sasa mwite mjukuu aje na rula. DVD huandikwa kuanzia ndani kwenda nje. Data huanza kama milimita 24 kutoka katikati ya tundu na kuishia kama milimita 58. Diski ikiwa imejaa, asilimia 62 inaangukia karibu milimita 48 kutoka katikati, yaani sentimita moja na kitu kabla ya ukingo. Geuzeni upande unaong'aa, muiinamishe chini ya taa, mtazame mzunguko huo. Mtakuta alama ya kidole, au mkwaruzo, au doa kama ukungu lililo ndani ya plastiki.

Kidole na vumbi vinaoshwa. Maji ya uvuguvugu, tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini cha pamba. Futa kutoka katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka, kamwe usizungushe. Mkwaruzo unaokata njia ya data unaharibu kidogo hapa na kidogo pale, na diski inajirekebisha. Ule unaofuata njia ya data unafuta vipande vingi mfululizo, na hapo hesabu ya kujirekebisha inakosa pa kushika. Ukizungusha kitambaa chenye chembe ya mchanga, unauchora huo mbaya kwa mkono wako.

Ukungu wa ndani hauoshwi. Niliwahi kuhariri harusi, najua diski za miaka ile zilivyokuwa zinanunuliwa: mnara wa hamsini, za bei ya chini kabisa, kisha juu inabandikwa stika ya maharusi. Kama yako ina stika, mama, usiibandue hata kidogo. Ukivuta karatasi unaweza kuachanisha matabaka mawili ya plastiki yaliyogundishwa, na data iko katikati yao. Karatasi hiyo hupinda diski ikipata unyevu, na sehemu ya nje ndiyo inayopinda zaidi. Inalingana kabisa na hiyo asilimia 62 yenu.

Baada ya kuosha, kitu cha kubadilisha ni draivu. Azimeni nyingine, ikiwezekana ile nene ya kompyuta ya mezani ya zamani. Kwa uzoefu wangu hizo husoma diski mbovu vizuri kuliko hizi nyembamba za laptopu. Ndani ya ImgBurn, punguzeni kasi ya kusoma hadi 4x au chini ya hapo, maana diski iliyopinda ikizungushwa kasi inayumba.

Ikigoma bado, mjukuu awashe kompyuta kwa flashi ya Linux (mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows) na kuweka programu ya ddrescue. Programu hii haina picha wala vitufe, lakini ndiyo ninayoiamini kuliko zote kwa kazi hii. Zile nyingine zikikutana na sehemu mbovu zinang'ang'ana hapo au zinaacha kazi. Hii inairuka, inachukua kwanza vyote vinavyosomeka, halafu inarudi kuhangaika na mabaki. Ahakikishe kompyuta ina nafasi ya GB 5, na aandike hivi:

ddrescue -n -b2048 /dev/sr0 harusi.iso harusi.map

Ikimaliza:

ddrescue -d -r3 -b2048 /dev/sr0 harusi.iso harusi.map

Hiyo /dev/sr0 ndiyo draivu, harusi.iso ni faili la ISO, yaani nakala ya diski nzima katika faili moja, 2048 ni ukubwa wa kipande kimoja cha DVD kwa baiti, na r3 inaiambia irudie sehemu mbovu mara tatu. Faili la harusi.map ndilo lenye thamani: ndani yake imeandikwa nini kimeshaokolewa na nini bado. Kwa hiyo mnaweza kusimamisha kazi, mkaenda na diski na mafaili hayo mawili kwa jirani mwenye draivu nyingine, mkaendesha amri ya pili palepale ilipoishia. Draivu moja ikishindwa kipande fulani, nyingine hukiokota. Nimeona diski zikikamilika kwa njia hii baada ya kila draivu peke yake kuzikataa.

Na visipookolewa vyote? Tufanye hesabu. DVD ya kawaida ina vipande karibu 2,295,000. Harusi ya saa mbili ikiijaza, kila sekunde inakula vipande kama 319. Kosa moja kwa kawaida huangusha fungu la vipande 16, yaani moja ya ishirini ya sekunde. Machoni itaonekana zaidi ya hapo, karibu nusu sekunde ya picha kukatika vibokisi, kwa sababu picha za DVD hutegemeana, moja ikiharibika zinazoifuata nazo zinachafuka. Mtaona keki ikiyumba kidogo, kisha sherehe inaendelea.

Kuhusu dawa ya meno ambayo lazima kuna jirani ameshakushauri: inalainisha mikwaruzo ya juujuu, ni kweli, na inaweza pia kuongeza mipya. Ngojeni hadi ddrescue iwe imechukua ilichoweza.

Sasa fundi. Natumia MakeMKV kuhamisha DVD za mahafali kwenda kwa flashi ya GB 32, na nafasi ni kibao. Diski mbili zilikubali. Ya tatu ilifika karibu mwisho ikasema faili ni kubwa mno. Hiyo flashi ni feki? (Mwalimu, Kasarani, Nairobi)

Poa sana mwalimu. Flashi ni nzima, imepangwa kwa mtindo wa zamani tu, FAT32. Mtindo huo haupokei faili moja lenye zaidi ya baiti 4,294,967,295, hata flashi iwe tupu. MakeMKV inakusanya sherehe nzima katika faili moja, na DVD iliyojaa inafika baiti bilioni 4.7. Zile mbili za kwanza hazikuwa zimejaa.

Hamisha vilivyomo, kisha ipange upya kwa exFAT, mtindo usio na kikomo hicho. Kupanga upya kunafuta kila kitu, kwa hiyo usianze na hatua hiyo. Kama runinga ya shule haisomi exFAT, acha flashi ilivyo na unakili foda ya VIDEO_TS nzima badala ya kutengeneza MKV. Mafaili yake ya VOB yameshakatwa, hakuna linalozidi GB 1.

Asalaam aleikum dada. Marehemu baba alikuwa na kamera ya mkononi inayorekodi kwenye vidiski vidogo vya DVD. Nikitia kwenye kompyuta inasema diski ni tupu, na inaniuliza kama nataka kuiandaa kwa matumizi. Lakini nikigeuza naona kabisa duara la rangi tofauti. Programu zote za kunakili zinasema hakuna diski. (Mwana wa Mwanakwerekwe, Unguja)

Waaleikum salaam, Mwenyezi Mungu amrehemu mzee. Macho yako yamesema kweli kuliko kompyuta. Hilo duara la rangi ndiyo sehemu iliyochomwa, kwa hiyo picha zimo.

Kwanza, kila ikikuuliza kuhusu kuiandaa, jibu hapana. Diski ikiwa ya RW, yaani inayofutika na kuandikwa tena, na ukakubali, umeifuta.

Shida ni kwamba diski haikufungwa. Kamera hizo zilirekodi picha kwanza, na ile orodha inayoiambia mashine nyingine nini kiko wapi ikaandikwa mwisho kabisa, mwenye kamera alipochagua Finalize kwenye menyu. Wengi hawakuchagua, kwa sababu ndani ya kamera ileile video ilionekana bila shida. Kwa hiyo tafuta kamera. Ikiwaka, ichomeke kwenye umeme wa ukutani huku betri ikiwa imejaa na imo ndani, maana umeme ukikatika katikati ya kufunga, hali inakuwa mbaya zaidi. Tia diski, hakikisha inacheza, kisha ifunge. Huchukua dakika kadhaa. Usiitikise wala kuifungua.

Kamera ikiwa imekufa, tafuta ya kuazima ya modeli hiyohiyo au ya karibu yake, kwa kuwa ya kampuni nyingine inaweza kuikataa. Ukikosa, programu ya IsoBuster inaweza kuchungulia diski isiyofungwa na kutafuta video ndani yake. Ipo ya bure ya kutazamia, lakini kwa baadhi ya kazi za kutoa mafaili inadai leseni ya kulipia. Itazame kwanza, na ukiona mafaili yanatajwa, ndipo uamue kulipa.

Na tafadhali, vidiski hivyo vya sentimita 8 visiingie kwenye draivu ya kumeza, ile isiyo na sahani ya kutoka nje. Vinanasa, na kuvitoa ni kufungua kompyuta.

Dada fundi, nipo Maskati. Nina DVD za katuni za watoto nilizonunua hapa na nyingine za kutoka Dar. Kompyuta inaniambia nibadilishe namba ya eneo, zimebaki mara mbili. Na HandBrake, programu ya kubadilisha video, inasema haijapata chochote cha kusoma. Nimeshafuta Windows na kuiweka upya, bado. (Baba wa mapacha)

Haya ni mambo mawili yaliyokutana, baba mapacha. Watengeneza filamu waliigawa dunia kwa namba: Oman iko eneo 2 pamoja na Ulaya na Japani, Tanzania na Kenya ziko eneo 5 pamoja na India na Urusi. Draivu ya kompyuta inaruhusu kubadilisha mara tano, halafu inajifunga kwenye namba ya mwisho. Hesabu hiyo imo ndani ya draivu, ndiyo maana kuweka Windows upya hakukusaidia. Usizitumie hizo mbili zilizobaki. Nunua draivu ya nje ya bei nafuu, moja iwe ya 2, nyingine ya 5, yaishe.

HandBrake ni suala jingine. Haifungui diski za dukani zenye kufuli ya kampuni, na iliachwa hivyo makusudi. Tia DVD ya nyumbani, ya harusi au ya madrasa. Ikiisoma, ujue programu ni nzima. Kuvunja kufuli ni jambo la sheria ya nchi unayoishi, nami si wakili wa Oman. Katuni za watoto zitafute kwa njia ya kulipia mtandaoni, zitakuwa na picha safi kuliko hiyo DVD.

Jambo fundi. Kwaya yetu ilirekodi VCD zamani. Nikinakili faili AVSEQ01.DAT kwenye MacBook inakataa mara moja, kosa la kusoma. Lakini kwenye deki ya nyumbani inaimba vizuri tu. (Mwimbaji wa sauti ya tatu, Bujumbura)

Diski yako ni nzima, deki imeshathibitisha. VCD ilipunguza zile taarifa za kujirekebisha ili video ipate nafasi: kipande kimoja kinabeba baiti 2,324 za video badala ya 2,048. Mac inategemea 2,048, inakuta kitu kingine, inalalamika. Azima kompyuta ya Windows, ambayo inalijua umbo hilo, unakili DAT kutoka foda ya MPEGAV kama faili lolote. Programu ya VLC itaicheza ilivyo. Kwenye Linux ipo programu ya vcdxrip.

Jambo moja la kuangalia kwenye VCD, nalo ni kinyume cha DVD: tabaka la data liko juu kabisa, chini ya rangi ya lebo. Mkwaruzo upande wa lebo ndio unaoua. Inua diski mbele ya taa. Ukiona vitobo vya mwanga, hapo wimbo umetoboka na hakuna programu ya kuurudisha.

Draivu yangu ya nje inazunguka, inalia ka-ka-ka, halafu inapotea kwenye kompyuta na programu inasema hakuna kifaa. (Arusha)

Umeme hautoshi. Ondoa kile kigawanyio cha USB, chomeka moja kwa moja kwenye kompyuta, tumia waya mfupi, au waya wenye vichwa viwili vya USB. Ikiendelea kulia kwenye kompyuta nyingine pia, imechoka.

Nimefanikiwa kubadilisha DVD ya ubarikio wa mama kuwa MP4 kwa HandBrake, lakini watu wakitembea wanatokwa mistari pembeni kama meno ya kitana. Nimekosea wapi? Na je, sasa naweza kufuta ISO? (Msomaji, Tanga)

Hujakosea popote. Kamera za wakati ule hazikurekodi picha kamili kila mara. Zilirekodi nusu picha 50 kwa sekunde, mistari ya shufwa kwa zamu na mistari ya witiri. Runinga ya kichogo ilizionyesha kwa zamu hivyohivyo, ila kompyuta inazibandika mbili pamoja, na mtu anayetembea anakuwa ameshasogea kati ya nusu moja na nyingine. Ndani ya HandBrake nenda kwenye Filters, kwenye Deinterlace chagua Yadif, kisha urudie kubadilisha. Ukichagua aina ya Bob utapata picha 50 kwa sekunde na mwendo laini zaidi. Mimi hupenda hiyo kwa sherehe zenye kucheza, na faili linakua kidogo.

ISO usifute. Umeona mwenyewe: MP4 ya kwanza ilitoka na mistari, na unaweza kuirudia kwa sababu ISO ipo. Diski kuu ya nje (ekstenal) ya TB 1 inachukua ISO zaidi ya 200 za DVD zilizojaa. Nunua mbili, moja ikae kwako, nyingine kwa dada yako.

Mnaoandika kwa ajili ya mwezi ujao, nakilini ujumbe wa kosa herufi kwa herufi au mpige picha kioo, na mseme imegomea asilimia ngapi, diski ni ya aina gani, na kama draivu nyingine imeshajaribiwa. "Inagoma" peke yake siwezi kuijibu.